Lenzi ya projekta ya zamani: namna ya kuchagua inayofaa kabla ya kutoa pesa

Miezi michache iliyopita mama mmoja alitupigia simu kipindi kikiwa hewani. Alisema baba yake, aliyekuwa fundi magari katika misheni, aliachiwa na padri mmoja projekta ndogo ya sinema pamoja na mikanda mitatu ya filamu. Juu ya kopo la mkanda mmoja pameandikwa kwa kalamu: Harusi 1971. Ni harusi ya wazazi wake. Mama yake alifariki yeye akiwa mdogo, na picha pekee aliyonayo ni ile ya kitambulisho. "Wanangu," alituambia, "sijawahi kumwona mama yangu akitembea."

Projekta ilikuwa inazunguka na balbu ilikuwa inawaka, lakini tundu la lenzi lilikuwa tupu. Akatuuliza anunue lenzi gani. Sisi, bila kuuliza wajuzi, tukamjibu hewani kwamba lenzi yoyote ya projekta itafaa, muhimu fundi aweze kuifunga.

Tulikosea. Mama yule alinunua lenzi iliyotoka kwenye projekta ya slaidi, fundi akaibana mbele ya mashine kwa kipande cha bomba na utepe. Wakaweka mkanda wa harusi ili wajaribu. Picha iliyotokea ukutani, umbali wa mita nne, ilikuwa ndogo kama karatasi ya A4, na giza lilikuwa zito kiasi kwamba hakuna sura iliyotambulika. Kibaya zaidi, mkanda ulikwama kidogo na matundu yake matatu yakachanika.

Makala haya ni masahihisho yetu. Tumekaa na mafundi wawili wa zamani wa mashine za sinema, tumefanya hesabu upya, na tumeandika hapa yale ambayo tungepaswa kumwambia mama yule siku ile. Kama kwenu kuna projekta kwenye sanduku la babu, stoo ya shule au kabati la parokia, soma kwanza kabla ya kununua chochote.

KWANZA, IJUE FILAMU ULIYONAYO

Huwezi kuchagua lenzi kabla ya kujua ukubwa wa filamu, kwa sababu lenzi hufanya kazi ya kukuza kapicha kadogo kalikoko kwenye mkanda. Filamu za nyumbani zilikuja katika aina kuu nne.

Milimita 16. Kampuni ya Kodak ilianza kuiuza mwaka 1923. Mkanda una upana wa milimita 16, sawa na upana wa kidole gumba cha mtu mwembamba. Mkanda usio na sauti una matundu pande zote mbili. Wenye sauti mara nyingi una matundu upande mmoja tu. Hii ndiyo filamu ambayo wazee wengi wa vijijini waliiona kwenye sinema za gari. Hapa kwetu Tanganyika, kati ya mwaka 1935 na 1937, kulikuwa na mradi wa sinema za elimu uliokuwa na makao yake Vugiri, kwenye milima ya Usambara. Walitumia filamu ya milimita 16 na kuizungusha kwa lori katika nchi za Afrika Mashariki na ya Kati.

Milimita 9.5. Ilitolewa na kampuni ya Pathé ya Ufaransa mwaka 1922. Utaitambua kwa tundu moja lililo katikati ya mkanda, kati ya picha na picha. Kwetu ni nadra sana.

Milimita 8 ya kawaida. Kodak waliileta mwaka 1932 ili kupunguza gharama. Matundu yake ni makubwa, na kila tundu liko kwenye mpaka wa picha mbili.

Super 8. Ilitoka mwaka 1965. Mkanda una upana uleule wa milimita 8, lakini matundu ni madogo zaidi na kila tundu liko usawa wa katikati ya picha. Kwa kuwa matundu yamepunguzwa, picha imepata nafasi kubwa zaidi. Njia rahisi ya kuzitofautisha ni kutazama rili yenyewe: rili ya Super 8 ina tundu kubwa katikati, ya milimita 8 ya kawaida ina tundu dogo.

Chukua mkanda kwa kingo zake, usiguse katikati, uelekeze dirishani na utazame. Ukiwa na simu yenye kamera nzuri, piga picha ya karibu kisha ikuze. Utayaona matundu vizuri.

Sasa andika pembeni namba hizi, maana tutazihitaji. Huu ni upana wa picha inayopitisha mwanga kwenye mashine, kwa makadirio:

Milimita 8 ya kawaida: milimita 4.4
Super 8: milimita 5.3
Milimita 16: milimita 9.65

LENZI INAFANYA NINI

Ndani ya projekta, balbu hutupa mwanga nyuma ya filamu. Mwanga unapita kwenye kapicha, unaingia kwenye lenzi, na lenzi inakusanya miale hiyo na kuijenga upya ukutani ikiwa kubwa. Lenzi pia huigeuza picha juu chini. Ndiyo maana mkanda hupangwa kichwa chini miguu juu ndani ya mashine. Ukiona watu wamesimama kwa vichwa ukutani, tatizo ni mkanda, si lenzi.

Kuna wanaouliza kama kioo cha kukuzia maandishi kinaweza kufanya kazi hiyo. Kitatoa picha, ndiyo, lakini katikati tu ndipo patakapoonekana. Pembeni pataparara na rangi zitatengana kama upinde wa mvua. Lenzi ya projekta ni mkusanyiko wa vioo kadhaa vilivyopangwa ili kimoja kirekebishe kasoro ya kingine.

Lenzi yoyote ya projekta ina mambo matatu ya kuangalia: urefu wa fokasi, namba ya mwanga, na kipenyo cha mwili wake. Mawili ya kwanza huandikwa kwenye ukingo wa lenzi. La tatu unapima mwenyewe.

JAMBO LA KWANZA: UREFU WA FOKASI

Urefu wa fokasi huandikwa kwa milimita: 20, 25, 50 na kadhalika. Kwenye lenzi za zamani za Marekani huandikwa kwa inchi. Inchi moja ni takriban milimita 25, na inchi mbili ni takriban 50.

Kanuni yake ni hii: namba ndogo, picha kubwa, namba kubwa, picha ndogo. Hapo ni pale ambapo mashine haijasogezwa mahali ilipo. Kwa chumba kifupi unahitaji lenzi ya namba ndogo. Kwa ukumbi mrefu, ambako mashine hukaa nyuma ya watu, unahitaji namba kubwa.

Hesabu yenyewe si ngumu. Kujua mashine ikae umbali gani:

Chukua milimita za lenzi, zidisha kwa upana wa picha unaoutaka ukutani kwa mita, kisha gawanya kwa upana wa picha ya filamu kwa milimita. Jibu ni mita.

Mfano: una Super 8, lenzi ya milimita 20, na unataka picha yenye upana wa mita moja kwenye shuka jeupe. 20 mara 1 ni 20. Gawanya kwa 5.3. Unapata mita 3.8 hivi. Hapo ndipo meza ikae.

Tumekuandalia mifano mingine, yote kwa picha yenye upana wa mita moja:

Super 8, lenzi ya 15: mita 2.8
Super 8, lenzi ya 25: mita 4.7
Super 8, lenzi ya 30: mita 5.7
Milimita 8 ya kawaida, lenzi ya 20: mita 4.5
Milimita 8 ya kawaida, lenzi ya 25: mita 5.7
Milimita 16, lenzi ya 50: mita 5.2

Ukitaka picha ya nusu mita, gawanya umbali kwa mbili. Ukitaka ya mita mbili, zidisha kwa mbili.

Unaweza pia kuigeuza hesabu. Tuseme sebule yako inakuruhusu mita tatu tu kutoka mezani hadi ukutani, na una Super 8. Chukua 3, zidisha kwa 5.3, gawanya kwa milimita za lenzi. Lenzi ya 15 itakupa picha ya mita 1.06. Lenzi ya 20 itakupa sentimita 80. Lenzi ya 30 itakupa sentimita 53 tu.

Sasa tazama kilichompata mama yetu. Lenzi nyingi za projekta za slaidi zina urefu wa fokasi wa milimita 85, kwa sababu slaidi ni kubwa mara nyingi kuliko kapicha ka Super 8. Umbali wa mita 4 mara 5.3, gawanya kwa 85, ni mita 0.25. Sentimita 25! Ili apate picha ya mita moja kwa lenzi ile angehitaji kurudi nyuma mita 16, yaani atoke sebuleni, avuke uwanja na pengine aingie kwa jirani. Kwa kuongezea, lenzi ile ilikaa mbali na filamu, hivyo sehemu kubwa ya mwanga wa mashine ilitawanyika kabla ya kuifikia. Hesabu ya dakika moja ingemwokolea pesa yake.

Je, kama lenzi imefutika maandishi? Kama inaingia kwenye mashine, washa, simika picha ukutani hadi iwe kali, kisha pima kwa futikamba umbali na upana wa picha. Zidisha umbali kwa upana wa picha ya filamu (kwa milimita), gawanya kwa upana wa picha ukutani. Umbali na upana wa ukutani vyote viwe kwa mita. Utapata urefu wa fokasi kwa makadirio mazuri. Usijaribu kupima lenzi kwa kuielekeza juani. Itaunguza karatasi, mkono au jicho.

JAMBO LA PILI: NAMBA YA MWANGA

Karibu na milimita utaona namba kama 1:1.3 au f/1.6. Hii inaeleza lenzi inapitisha mwanga kiasi gani. Hapa pia mambo ni kinyume: namba ndogo ndiyo yenye mwanga mwingi.

Tofauti inaonekana ndogo kwenye karatasi lakini ukutani ni kubwa. Lenzi ya 1.3 hupitisha mwanga karibu mara moja na nusu ya ile ya 1.6. Lenzi ya 1.0 hupitisha takriban mara mbili ya ile ya 1.4. Projekta nyingi nzuri za Super 8 zilikuja na lenzi za 1.3, na za bei ya chini zilikuwa na 1.5 au 1.6.

Lakini usilipe pesa nyingi kwa ajili ya namba hii peke yake, kwa sababu mbili. Kwanza, lenzi haiwezi kupitisha mwanga ambao haijapewa. Kama balbu imechoka au kioo cha nyuma yake kina vumbi, hata lenzi ya 1.0 itatoa picha hafifu. Pili, ukubwa wa picha unakula mwanga kuliko kitu kingine chochote. Ukiongeza upana wa picha mara mbili, mwanga uleule unatandazwa kwenye eneo mara nne, na picha inabaki na robo ya ung'avu wake. Mara nyingi dawa ya picha yenye giza si lenzi mpya. Ni kusogeza meza mbele na kuziba madirisha kwa blanketi.

JAMBO LA TATU: KIPENYO NA NAMNA INAVYOSHIKWA

Hapa ndipo watu wengi hupoteza pesa. Hakukuwa na kipimo kimoja kwa viwanda vyote. Lenzi mbili zinaweza kuwa zote za milimita 20 na zote za 1.3, lakini moja isiingie kabisa kwenye mashine yako, na nyingine ikacheza ndani kama jino bovu.

Pima tundu la mashine kwa kalipa ya fundi, ile ya kupimia vyuma, hadi sehemu ya kumi ya milimita. Rula ya shule haitoshi. Kisha tazama lenzi ilishikwaje:

Kuna mashine ambazo lenzi ni bomba laini, linasukumwa ndani na kubanwa kwa skrubu au springi.

Kuna ambazo bomba lina mfereji wa kuzunguka kama wa skrubu. Ukiizungusha, lenzi inakwenda mbele au nyuma, na ndivyo picha inavyonolewa.

Kuna ambazo lenzi ina meno ubavuni, yanayoshikwa na gurudumu dogo la kitasa cha kunolea.

Lenzi isiyo na mfereji haitatulia kwenye mashine inayohitaji mfereji. Ukiizungushia karatasi au utepe ili ikaze, mara nyingi huinama kidogo, na matokeo yake upande mmoja wa picha unaonekana vizuri na mwingine una ukungu. Lenzi lazima itazame filamu uso kwa uso.

Kwa hiyo njia salama kuliko zote ni hii: andika jina la kampuni na namba ya modeli ya projekta yako, kama zilivyo kwenye kibao cha chuma chini au nyuma ya mashine, halafu tafuta lenzi iliyotoka kwenye modeli hiyohiyo. Projekta mbovu, iliyoungua mota, ni mgodi wa lenzi. Usiitupe, na ukiiona kwa muuza vyuma chakavu, itazame mdomoni kwanza.

Wengine hutuuliza kuhusu lenzi za kamera. Hizo ziliundwa kwa kazi ya kupokea picha, si kukaa karibu na balbu ya moto, na kwa kawaida hupitisha mwanga mdogo kuliko lenzi ya projekta. Ziache kwenye kamera.

LENZI YA NAMBA MOJA AU LENZI YA ZUMU?

Lenzi ya kawaida ina urefu mmoja wa fokasi. Lenzi ya zumu ina namba mbili, mfano 15-25 au 17-30, na unaweza kuibadili kwa kuzungusha pete.

Zumu ina faida kubwa nyumbani, kwa sababu unaikuza au kuipunguza picha bila kuhamisha meza. Na kama mashine yako inacheza milimita 8 ya kawaida pamoja na Super 8, zumu inasaidia zaidi: picha ya milimita 8 ya kawaida huonekana ndogo ukutani, na ukiirudisha pete kwenye namba ndogo inajaza shuka tena.

Lenzi ya namba moja ina vioo vichache. Hivyo ina sehemu chache za kuingia kuvu na vumbi, na mara nyingi kingo za picha huwa kali zaidi. Kama mashine itakaa mahali pamoja, mfano ukumbi wa kanisa au darasa, pima ukumbi, fanya hesabu, kisha tafuta namba moja inayofaa.

KUKAGUA LENZI ILIYOTUMIKA

Lenzi hizi karibu zote ni za mkononi. Kabla ya kulipa, washa tochi ya simu, iweke upande mmoja wa lenzi, utazame kwa upande mwingine huku ukiiinamisha. Angalia mambo haya:

Kuvu. Inaonekana kama nyuzi za buibui au mizizi midogo ndani ya kioo. Sehemu zenye unyevu kama pwani na kandokando ya maziwa huathirika sana. Kuvu changa inaweza kusafishwa na fundi. Ikikaa muda mrefu inakula uso wa kioo na alama haitoki.

Ukungu mweupe. Mara nyingi ni mvuke wa mafuta ya kulainisha mashine. Unafifisha rangi na kufanya weusi uwe kijivu. Mara nyingi husafishika.

Gundi iliyoachia. Baadhi ya vioo viliunganishwa viwili viwili. Gundi ikichoka utaona madoa yenye rangi za upinde wa mvua au kingo zilizofanya mapovu. Hiyo iache.

Mikwaruzo. Mkwaruzo mmoja mwembamba kwenye kioo cha mbele hautaonekana ukutani. Mikwaruzo mingi kama ya mchanga itapunguza ukali wa picha. Kioo cha nyuma, kinachotazama filamu, kikague zaidi.

Bomba lililobonyea. Lenzi iliyoanguka inaweza kuwa na vioo vizima lakini vimehama katikati. Kama pete haizunguki vizuri, muulize muuzaji ilianguka lini.

KUSAFISHA BILA KUHARIBU

Tunajua mkono unavyokimbilia pindo la kanga au la shati. Zuia mkono. Vumbi letu lina chembe za mchanga, na ukisugua unachora kioo. Usitumie mate wala sabuni ya unga.

Anza kwa kupuliza kwa kipulizio cha mpira. Fuatia brashi laini isiyotumika kwa kazi nyingine. Kama bado pana alama ya vidole, tia tone la dawa ya kusafishia lenzi kwenye kitambaa chake laini, si kwenye kioo, ufute kwa kuzunguka kutoka katikati kwenda nje. Ukimaliza, hifadhi lenzi kwenye chombo kinachofunga vizuri pamoja na vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Lenzi yenye kuvu ikae peke yake.

KABLA HUJAPITISHA MKANDA WA FAMILIA

Hili ndilo jambo tunalolijutia zaidi kwa mama yule. Filamu nyingi za nyumbani hazikuwa na negativu. Mkanda uleule uliokuwa ndani ya kamera siku ya harusi ndio uliosafishwa maabara na kurudishwa kwa mwenyewe. Hakuna nakala mahali pengine. Ukichanika, umechanika.

Kwa hiyo usijaribu lenzi kwa mkanda wa familia. Omba kipande cha filamu isiyo na thamani, au tumia utepe mtupu ulio mwanzoni mwa mkanda mbovu. Hata bila filamu, mashine ikiwashwa hutoa mstatili wa mwanga. Nola kingo za mstatili ule ukutani na utajua kama lenzi inafaa.

Nusa kopo la filamu. Likitoa harufu kali ya siki, filamu imeanza kuoza. Filamu kama hiyo husinyaa na kujikunja, na meno ya mashine yanaweza kuirarua. Itenge na nyingine, na usiicheze hadi mjuzi aitazame. Na kama mkanda umekwama balbu ikiwa inawaka, zima mara moja. Joto la balbu linaweza kuunguza picha kwa sekunde chache.

Kuhusu umeme, soma kibao cha mashine. Zilizotoka Marekani nyingi ni za volti 110, na ukizichomeka kwenye umeme wetu wa volti 230 bila transfoma balbu italipuka papo hapo. Baadhi zina swichi ya kuchagua volti. Wale wanaotumia sola wafahamu kwamba balbu ya Super 8 mara nyingi ni ya wati 100, na mashine za zamani zaidi zina balbu za wati 500 au hata 750. Sola ya taa tatu na kuchaji simu haitaziweza.

KUREKODI KWA SIMU

Ukishaipata picha, irekodi, ili mkanda upumzike. Kwa kazi hii huhitaji picha kubwa. Picha ya sentimita 40 kwenye karatasi nyeupe isiyong'aa ni bora, kwa sababu inakuwa na mwanga wa kutosha. Kwa Super 8 na lenzi ya 20, mashine itakaa mita moja na nusu tu kutoka kwenye karatasi. Weka simu kwenye kitu kisichotikisika, karibu kabisa na mstari wa lenzi ya projekta, na uzime taa zote.

Picha ikiwa inapepesa kwenye simu, sababu ni kizuizi kinachozunguka ndani ya projekta na kukata mwanga mara nyingi kwa sekunde. Kama simu yako inaruhusu, chagua picha 25 kwa sekunde, kisha punguza mwendo wa projekta taratibu hadi kupepesa kutulie. Kwenye mashine nyingi hutulia karibu na picha 16 na kidogo kwa sekunde.

KWA UFUPI

Ukienda dukani, sokoni au kwa fundi, uwe na karatasi yenye mambo haya matano: aina ya filamu, jina na modeli ya projekta, kipenyo cha tundu na namna lenzi inavyoshikwa, urefu wa chumba chako, na milimita za lenzi ulizopata kwa hesabu. Muuzaji akikuambia "hii inaingia popote," mwonyeshe karatasi. Sisi wenyewe tuliwahi kusema maneno hayohayo.

Na mama yetu? Baada ya kuomba radhi hewani, msikilizaji mmoja, mwalimu mstaafu, alijitokeza akiwa na projekta ya modeli ileile iliyoungua mota. Lenzi yake, zumu yenye kuvu kidogo pembeni, iliingia bila utepe wala bomba. Fundi aliunga sehemu iliyochanika, tukajaribu kwanza kwa kipande cha filamu mbovu, ndipo tukaweka mkanda wa harusi. Mkanda wa Super 8 wa futi 50 huchukua dakika tatu na sekunde ishirini. Bibi harusi anatoka mlangoni, anashuka ngazi mbili, anajifuta jasho kwa leso na kumcheka mtu ambaye hayumo kwenye picha. Mama alitazama akiwa amesimama. Ulipokwisha alituuliza jambo moja tu: kama tunaweza kuurudisha mwanzo. Tulimwambia simu imesharekodi, mama, tazama hapa mara nyingi upendavyo, mkanda tuuache upumzike.

Kama una projekta au mikanda ya zamani na hujui uanzie wapi, usiiwashe kwanza. Andika majibu ya yale mambo matano, kisha tupigie kipindi kikiwa hewani. Safari hii tutauliza mafundi kwanza kabla ya kukujibu.